Afya Nyumbani: Miwani ya Nguvu Mbili, Ivae Wapi na Ivue Wapi

Tumepokea barua kutoka Bwera, wilayani Kasese, iliyoandikwa na mama ambaye mume wake ni askari polisi. Kwa kuwa jambo aliloliuliza linawahusu wengi miongoni mwa wasomaji wetu waliokwisha kuuvuka umri wa miaka 40, tumeona ni heri tulijibu hapa ukumbini badala ya kumjibu yeye peke yake. Jina lake hatulitaji, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu.

Mama huyo anaeleza kwamba mume wake, mwenye umri wa miaka 49, alipimwa macho akapewa miwani yenye mstari unaokikata kioo upande wa chini. Tangu siku hiyo alianza kusoma tena bila taabu: karatasi za kazini, vitambulisho vya wasafiri, hata maandishi madogo yaliyo kwenye chupa ya dawa ya mtoto. Lakini katika juma la tatu, alipokuwa akitelemka njia ya mlimani asubuhi kwenda kazini, alikanyaga mahali alipodhani pana kipandio, kumbe hapana. Akaanguka, akateguka kifundo cha mkono. Tokea hapo miwani imelala kabatini. Kazini ameirudia tabia yake ya zamani ya kuinyoosha karatasi mbali na uso, na mkono unapokuwa mfupi humpa kijana aliye karibu amsomee, kwa kisingizio kwamba yeye ana haraka. Mama anauliza: je, miwani hiyo ina kasoro? Aivae au aiache? Mwishoni ameongeza swali lake mwenyewe, nalo tutalifikia.

Miwani hiyo, kwa jinsi ilivyoelezwa, haina kasoro, wala mwenyewe hakukosea kuinunua. Kilichokosekana ni maelezo. Mtu huyo alikabidhiwa chombo kizuri bila ya kuambiwa mahali pa kukitumia na mahali pa kukitia mfukoni, na katika nchi ya milima kama Bwera ukosefu huo wa maelezo waweza kumvunja mtu mfupa.

Kwanza tufahamu ni jambo gani linalomfika mtu akishafikisha miaka 40 na kitu. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi ndogo iliyozungukwa na msuli. Ukitazama mbali msuli hulegea na lenzi huwa bapa. Ukitazama karibu msuli hukaza, na lenzi, maadam bado ni laini, hutuna na kuongeza nguvu yake. Mtoto wa miaka 10 aweza kusoma kitabu kilicho umbali wa takriban sentimita 7 tu kutoka machoni. Kijana wa miaka 20 ataanza kuona vema kwenye sentimita 10 hivi. Lakini lenzi hiyo hukakamaa mwaka hata mwaka, kidogo kidogo, bila ya maumivu. Kwenye miaka 40 karatasi yahitaji kuwa umbali wa sentimita 20 na zaidi. Kwenye miaka 50 imekwisha fika sentimita 40. Kwenye 60 aghalabu ni mita nzima, na hakuna mwenye mkono wa mita moja.

Jambo hili si ugonjwa. Halisababishwi na kusoma sana, wala moshi wa jikoni, wala jua la bonde la Ziwa Edward. Humfika generali na kuruta, mwenye kisomo na asiyekijua. Tofauti ni kwamba asiyesoma hulitambua baadaye, pengine siku anaposhindwa kutunga uzi katika tundu la sindano. Nalo huanza kuonekana jioni kabla ya mchana, kwa sababu penye mwanga hafifu mboni hupanuka na picha inayoingia jichoni hukosa ukali. Ndiyo maana mtu husema taa ya nyumbani imepungua nguvu, hali taa ni ile ile.

Dawa yake ni kuliongezea jicho kwa nje ile nguvu ambayo lenzi ya ndani imeshindwa kuiongeza. Hiyo ndiyo kazi ya miwani ya kusomea. Yule ambaye anaona mbali vizuri, na udhaifu wake ni wa karibu tu, hiyo humtosha. Huivaa akisoma na kuivua akiinuka. Taabu huanzia kwa mtu mwenye dhiki mbili kwa pamoja: mbali haoni vema bila ya miwani, na karibu nako haoni kwa miwani ile ile. Zamani mtu wa namna hiyo alibeba miwani miwili akawa anabadilisha siku nzima.

Benjamin Franklin, mpiga chapa wa Marekani ambaye pia alikuwa mwanasiasa na mvumbuzi, alikuwa mmoja wa watu wa namna hiyo. Alipokuwa Ufaransa akiiwakilisha nchi yake, alikuwa na umri wa karibu miaka 80. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake mwaka 1785 alieleza jinsi alivyochoka kubadilisha miwani, akaamuru vioo vyake vikatwe, nusu ya kimoja na nusu ya kingine vikaunganishwa katika fremu moja: ya kuonea mbali juu, ya kusomea chini. Lililotufurahisha katika barua hiyo ni sababu aliyoitaja. Alisema kwamba mezani aliweza sasa kukiona chakula chake na pia uso wa aliyezungumza upande wa pili, na kwa kuwa masikio yake hayakuizoea lugha ya Wafaransa, kuyaona mabadiliko ya uso wa msemaji kulimsaidia kumwelewa.

Msomaji aliyewahi kufanya kazi mpakani Mpondwe ataliona jambo hili mara moja. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, na hati nyingi zinazovuka daraja zimeandikwa kwa Kifaransa. Mwenye hati huzungumza Kinande, ambacho ni ndugu wa Lukonzo, au Kiswahili cha Kongo, au Kifaransa chenyewe. Askari aliyesimama pale hutazama karatasi, kisha uso, kisha karatasi tena, kisha nambari ya gari iliyo mita kumi mbele yake, na hivyo ndivyo siku inavyokwenda mpaka jua kuchwa. Kwa kazi kama hiyo, kama kweli haoni mbali wala karibu, hakuna miwani inayomfaa kuliko ile ya nguvu mbili, ambayo wauzaji huiita bifokali. Akiivua kila mara atachelewesha foleni. Asipoivaa kabisa ataisoma 3 kuwa 8, na tarakimu moja yatosha kumwachia asiyestahili kupita, au kumzuia siku nzima mama wa watu aliyebeba unga wake wa muhogo kwenda sokoni.

Basi kwa nini chombo hicho hicho kilimwangusha njiani? Hapa twaomba msomaji atuvumilie kwa hesabu kidogo.

Nguvu ya lenzi hupimwa kwa dayopta. Dayopta moja maana yake ni kwamba lenzi huukusanya mwanga kwenye umbali wa mita moja. Dayopta mbili, nusu mita. Dayopta mbili na nusu, sentimita 40. Lile dirisha la chini la bifokali huongezewa nguvu, kwa kawaida kuanzia dayopta 1 kwa mtu wa miaka arobaini na ushei hadi dayopta 2 na nusu kwa mtu wa miaka 60. Tuseme mume wa mwandishi wetu ameongezewa dayopta 2. Kwa kulitumia dirisha hilo ataona kwa ukali mpaka umbali wa nusu mita, na kila kilicho mbali zaidi ya hapo kitafunikwa na ukungu. Sasa, kutoka machoni mwa mtu mzima aliyesimama hadi miguuni mwake ni kiasi cha mita moja na nusu. Anapotelemka akashusha macho bila ya kuinamisha kichwa, huwa anaitazama ardhi kupitia dirisha la kusomea. Jiwe analiona limevimba na limesogea. Ukingo wa kipandio umepoteza ncha yake. Isitoshe, jicho linapouvuka ule mstari, vitu huruka ghafula kutoka mahali pake, mithili ya kijiti kilichotumbukizwa majini.

Penye sakafu tambarare kasoro hiyo haimdhuru mtu. Lakini nyumba nyingi za Bwera na vilima vyake zimejengwa kwenye miteremko ya Rwenzori, na njia za kuziendea ni vipandio vilivyochongwa katika udongo, ambavyo mvua huvibadilisha kila msimu. Mguu unakwenda pale jicho linapouelekeza, na jicho limepewa habari za uongo.

Si sisi tu tunaosema hivyo. Mwaka 2002 watafiti wa Australia walieleza kwamba wazee waliozoea kuvaa miwani yenye nguvu zaidi ya moja walikuwa na hatari ya kuanguka zaidi ya mara mbili ya wenzao. Baadaye jaribio kubwa zaidi lilifanywa katika nchi hiyo hiyo, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010. Wazee 606 waliokuwa wakitumia miwani ya namna hiyo waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja likapewa miwani ya pili, ya kuonea mbali tu, ili waivae watembeapo nje. Wale waliokuwa na desturi ya kutoka mara kwa mara wakaanguka mara chache zaidi, kwa kiasi cha asilimia 40. Lakini ajabu ni kwamba wale ambao kwa kawaida hukaa ndani, na hutoka kwa nadra, walianguka zaidi nje walipopewa miwani ya pili. Ubongo wao ulikuwa umekwisha kulizoea lile dirisha, na kubadilisha kukawapotosha. Twayakumbusha haya kwa sababu yako makosa ya pande mbili: kumlazimisha kila mtu aivae siku nzima, na kumwambia kila mzee aivue atokapo. Bibi wa miaka 75 aliyeizoea bifokali yake miaka 20, na safari yake ndefu ni ya kwenda kanisani au msikitini, aachwe nayo. Askari apandaye na kutelemka mlima kila siku ni mtu mwingine.

Kwa mume wa mama huyu, basi, shauri letu ni hili. Bifokali ikae kazini, ndani ya kasha gumu mezani au mfukoni mwa shati. Akiwa zamu, akisimama au kuketi penye hati, aivae bila ya haya. Ikiwa mbali haoni vema, awe na miwani ya pili ya kuonea mbali tu, isiyo na mstari, ya kuvaa njiani. Hiyo aghalabu ni rahisi kuliko bifokali. Na ikiwa ilivyopimwa sehemu ya juu haina nguvu yoyote, yaani mbali anaona kwa macho yake ya kuzaliwa, basi njiani atembee bila ya miwani kabisa.

Pale ambapo hana budi kutembea akiwa nayo, ajifunze kuinamisha kidevu hadi karibu na kifua kila anapofika penye ngazi au mteremko, ili macho yapite sehemu ya juu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi twaongeza kwamba kuinama kwenyewe ni kwa kichwa, si kwa macho peke yake. Wengi hulijua jambo hilo baada ya mwezi. Wachache huambiwa siku ya kwanza.

Pia aichunguze fremu. Mstari wa bifokali kwa kawaida huwekwa usawa wa ukingo wa kope ya chini. Ukiwa juu zaidi, mtu huuona ukungu hata akitazama mbele tu. Mtu anayetembea sana aweza kumwomba fundi aushushe milimita chache, akubali kuinamisha kichwa zaidi anaposoma. Fremu iliyolegea huteleza puani penye jasho, na kila inapoteleza mstari huhama. Fundi huikaza kwa dakika mbili. Aizoee kwa kuivaa akiwa ameketi nyumbani siku za mwanzo, kabla ya kuivaa barabarani. Zikipita wiki mbili na bado kichwa kinazunguka, airudishe kwa aliyempimia, kwani huenda umbali kati ya mboni mbili haukupimwa sawasawa.

Kabla ya kuwaacha askari, tuseme na wenzao wa jeshini, maana tunajua ukurasa huu husomwa pia katika mahandaki. Sajini wa miaka 45 mwenye kazi ya kusoma ramani kwa tochi usiku anaihitaji miwani ya karibu kuliko mtu yeyote. Akikosea mistari ya vilima amekosea njia ya kikosi kizima. Lakini doria ya usiku katika misitu na makorongo si mahali pa dirisha la kusomea chini ya macho. Huyo abebe miwani midogo ya kusomea, aitoe penye ramani na kuirudisha mfukoni. Upande wa shabaha, bifokali haikuundwa kwa kazi hiyo. Mtu akilaza shavu kwenye kitako cha bunduki, jicho hupita sehemu ya juu ya kioo, kwa hiyo shabaha iliyo mbali ataiona lakini ncha ya mbele ya bunduki huenda ikawa na ukungu. Amweleze daktari wa kikosi aina ya kazi yake kabla ya kupimwa, wala asiipeleke miwani mpya uwanja wa shabaha kwa mara ya kwanza siku ya mtihani. Na kwa kila avaaye sare: achague lenzi za plastiki, au za polikaboneti akizipata, badala ya vioo. Ni nyepesi, na zikipigwa na jiwe hazivunjiki vipande vyenye makali karibu na jicho.

Madereva wasihofu. Barabara huonekana kwa juu, na saa za gari huonekana kwa chini, ingawa mwenye nguvu kubwa ya kusomea aweza kuona kwamba dashibodi iko mahali ambapo hakuna sehemu inayoitosha: mbali mno kwa chini, karibu mno kwa juu. Fundi cherehani na karani wa kompyuta wana taabu hiyo hiyo. Kwao iko miwani ya nguvu tatu, na iko ile isiyo na mstari ambayo nguvu hubadilika polepole kutoka juu hadi chini, iliyotoka Ufaransa mwaka 1959. Hii ya mwisho ni nzuri machoni pa watu kwa kuwa hakuna mstari wa kumtangaza mvaaji umri wake, lakini bei yake ni kubwa, pembeni picha hupinda, na penye mteremko hatari yake ni ile ile.

Tumetaja umri, na tusilipite jambo hilo kimyakimya. Katika barua ya mama kuna sentensi moja inayosema kwamba hata kabla ya kuanguka, mume wake hakupenda vijana wa kituoni wamwone na miwani yenye mstari. Twashuku kwamba mteguko wa mkono ulimpatia sababu aliyokuwa akiitafuta. Wengine hujitetea kwa kusema kwamba miwani huyalegeza macho, kwamba ukishaanza huwezi kuacha. La hasha. Lenzi ya jicho itaendelea kukakamaa, uvae usivae; miwani haiongezi wala haipunguzi. Anayevaa huhisi ameharibika kwa sababu tu amekumbuka jinsi herufi zinavyotakiwa kuonekana. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, lilikadiria kwamba watu milioni 826 duniani walikuwa na udhaifu huu wa macho ya karibu bila ya kupata miwani inayowafaa. Mume wa mama huyu ameipata, na ameifungia kabatini.

Sasa upimaji. Tumeambiwa na wasomaji mbalimbali kwamba miwani huuzwa sokoni kwenye sinia, mtu akajaribu mmoja mmoja mpaka gazeti lisomeke. Kwa miwani ya kusomea tu, na kwa mtu ambaye macho yake mawili yalingana na anaona mbali vizuri, hilo si dhambi. Vioo hivyo huwa na nguvu moja pande zote mbili. Lakini bifokali ya kwenye sinia hatuipendekezi hata kidogo, kwa sababu mstari wake umewekwa kwa uso wa mtu asiyejulikana, na macho ya watu wengi hayalingani kulia na kushoto.

Tena kuna sababu kubwa kuliko hiyo. Miwani ya sinia humpa mtu faraja, na faraja humzuia asiende kupimwa. Wakati huo huo yaweza kuwapo glakoma, ambayo watu huiita presha ya macho. Glakoma haiumi. Huanza kula pembeni mwa uoni huku katikati pakiwa safi, hivyo mgonjwa husoma gazeti vizuri akiwa amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya macho yake, na kilichopotea hakirudi. Watu weusi huipata mapema zaidi na kwa ukali zaidi, na huandama ukoo. Mwenye kisukari naye aweza kuona ukungu kwa sababu sukari imepanda. Akipimiwa miwani siku hiyo, itamkataa sukari ikishuka. Na yuko yule babu anayewafurahisha wajukuu kwa kutangaza kwamba macho yake yamerudia ujana, kwani sasa anasoma bila ya miwani. Mara nyingi huo ni mwanzo wa mtoto wa jicho: lenzi inavyopata utando huongezeka nguvu, karibu pakaonekana na mbali pakafifia. Apelekwe hospitali, naye atibiwe kwa upasuaji ungali rahisi.

Mkaaji wa Bwera haendi mbali. Aanzie Hospitali ya Bwera, ile ambayo jina lake lilitajwa duniani kote mwezi Juni 2019 ilipowapokea wagonjwa wa Ebola waliotoka ng'ambo ya mpaka. Aulize siku ambayo mganga wa macho huwapo. Hospitali ya Kagando, upande wa Kisinga, katika njia ya Kasese, imekuwa na idara ya macho kwa muda mrefu. Mambo yakiwa makubwa zaidi, kuna kituo cha macho cha Ruharo huko Mbarara, na Mengo na Mulago mjini Kampala. Mtu aende na miwani yake ya zamani, aeleze kazi yake ni ya namna gani, na apime kwa kipande cha uzi umbali kutoka machoni hadi mahali mikono yake inapofanyia kazi. Huo uzi utamsaidia mpimaji kuliko maneno mengi.

Tunalifikia swali la mama mwenyewe. Anasema ana miaka 43, anaona vilima vya Kongo kama alivyoviona alipokuwa msichana, ila akichambua maharagwe na kahawa jioni, vijiwe humponyoka na punje mbovu hupita. Anauliza kama naye aichukue bifokali ya mume wake, maadam imelala bure.

Asiichukue. Ilikatwa kwa macho ya mtu mwingine na kwa umri mwingine, tena yeye haihitaji bifokali kabisa, kwa kuwa mbali anaona. Kinachomfaa ni miwani ya kusomea ya kawaida, hasa ile yenye fremu fupi kama nusu mwezi, inayokaa chini kidogo puani. Ataichungulia kahawa kwa chini, na mteja akifika sokoni atamtazama kwa juu ya fremu, pasipo kioo. Asiitembelee, wala asipande nayo njia ya nyumbani.

Wala asidhani kwamba kwa kazi ya ungo miwani ni anasa. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika mashamba ya chai ya Assam, India. Wachumaji 751 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, waliokuwa wakiona mbali vizuri na karibu kwa shida, walishirikishwa. Fungu moja likapewa miwani ya karibu mara moja, jingine likangoja hadi mwisho wa jaribio. Wachumaji waliopewa miwani waliongeza mavuno yao ya siku kwa takriban asilimia 22 kuwapita wenzao. Jani la chai na punje ya kahawa havitofautiani sana machoni pa mtu wa miaka 43, na bei ya kahawa iliyochambuliwa vema anaijua yeye kuliko sisi.

Kwa umri wake, nguvu ya dayopta 1 huenda ikatosha, au 1 na nusu kama kazi yake huwa usiku. Aketi, auweke ungo pale auwekapo siku zote, ajaribu ile ndogo kwanza. Asivutwe na ile inayozifanya punje zionekane kubwa zaidi, kwani itamlazimu kuusogeza uso karibu na ungo, na ifikapo saa mbili usiku shingo ndiyo itakayolalamika.